Mdakaji Aliyebadilishwa kwa Mtu Asiyetajwa

Walimwondoa saa nne asubuhi, suruali yake ikiwa bado inazunguka ndani ya mashine yangu. Saa naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafua. Msimamizi wa nguo aliingia, akanyoosha mkono kwenye rafu, akabandua karatasi yenye namba yake, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Amepelekwa Columbus," akasema. "Hiyo suruali ikikauka itoe namba, tutampa mwingine."

Kisha akaniuliza kama sabuni imefika.

Haya nayaandika Bujumbura, katika ofisi ya biashara yangu ya udobi yenye mashine sita na wafanyakazi tisa, chini ya diploma ya usimamizi wa biashara ambayo hakuna mjomba aliyenilipia. Nilitoka kambi ya wakimbizi Kigoma kwenda Marekani na mfuko mmoja wa plastiki wenye makaratasi. Leo hoteli tatu za mji huu zinalalia mashuka niliyofua mimi. Watu wakiniona na tai hudhani kazi nilifundishwa chuoni. Chuo kilinifundisha hesabu. Kufua nilifundishwa na mdakaji wa besiboli wa Louisville, Marekani, na jina lake silitaji. Waliomtoa walikuwa na jina hilo miaka kumi na moja na hawakujua la kulifanyia. Sitawapa tena.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, maneno machache yanatosha. Kuna mrushaji, anarusha mpira mgumu kama jiwe. Kuna mpigaji, anaungojea na gongo lake. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mtu aliyefunikwa chuma usoni na magamba miguuni kama kobe. Huyo ndiye mdakaji. Kazi yake ni kuudaka mpira kila unapopita, mara mia na zaidi kwa mechi, na kumwongoza mrushaji kwa ishara za vidole. Mtu aliyechuchumaa hivyo miaka kumi na moja, hesabu mwenyewe kilichobaki magotini. Na ujue pia kwamba Louisville ni timu ya daraja la pili, kama ilivyo Columbus, kama ilivyo Buffalo. Wachezaji wake ni mali ya klabu kubwa iliyo mji mwingine. Unaweza kumpigia mtu makofi miaka yote hiyo usijue kwamba si wenu.

Wiki yangu ya kwanza ya kufua nguo za timu alinirushia suruali yake kifuani.

"Nani ameloweka hii?"

"Mimi."

"Umeipika. Udongo mwekundu ukiutia maji ungali mbichi unaupeleka ndani ya uzi. Uache ukauke. Upige brashi mpaka uwe vumbi. Ndipo ulete maji. Mama yangu amenifulia tangu nina miaka minane na hajawahi kuniaibisha hivi."

Nikamwambia mimi si mama yake. Wenzangu wa kufua waliangalia sakafu. Yeye akasema, "Hiyo ni kweli. Yeye anajua kufua." Akaenda zake. Kesho yake aliniletea brashi ya mbao yenye nywele ngumu, ya mama yake, imeliwa upande mmoja. Hakusema samahani. Brashi hiyo iko mezani kwangu sasa hivi, na kila mfanyakazi ninayemwajiri huanza nayo kabla hajagusa mashine.

Ndivyo alivyokuwa. Mkali mlangoni, na ukishaingia anakutafutia kiti. Alikuwa shemasi wa kanisa lao na alitukana kama dereva wa lori. Waandishi wa habari aliwadanganya umri, akajipunguzia miaka miwili bila kupepesa macho, lakini mtoto akimuuliza kwenye uzio alimwambia ukweli na kumwonyesha kidole kilichopinda, kilichovunjika mara nne. Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo. Penseli yangu aliiazima akakataa kuirudisha. Ila nilipokuwa nasomea mtihani wa hesabu, alikaa chumba cha kufulia na magoti yake ndani ya ndoo ya barafu akaniuliza maswali ya kitabu changu, moja baada ya jingine, na nikikosea alipiga ndoo kwa kijiko. Akaanza kuniita Profesa. Mwanzoni ilikuwa dhihaka.

Mimi nilimwita Mzee. Alinuna siku mbili.

"Kwetu ni heshima," nikamwambia.

"Huku kwetu ukiitwa mzee ofisini, wanaanza kutafuta kijana. Niite hivyo humu ndani tu, na mlango uwe umefungwa."

Nikawa nafunga mlango kwanza, halafu namwita.

Kilichonifanya nimpende zaidi kilikuwa namna yake na warushaji wachanga. Kijana akichanganyikiwa, mipira ikaanza kwenda ovyo na watu wakaanza kuguna, mdakaji alisimama kwa shida, akaenda kwake polepole, akaziba mdomo kwa glavu na kumwambia neno. Kijana alicheka, akatulia. Nilimsumbua miezi anieleze anawaambia nini. Nilidhani ni mbinu kubwa.

"Namwambia nimesahau kufunga gari langu, amalize haraka."

"Basi?"

"Mwingine namuuliza amekula nini. Anajua amekosea, Profesa. Nikamweleze mara ya pili ya nini? Mpira mbaya nao unadakwa."

Neno hilo la mwisho alilitumia kwa kila kitu: mvua, ugonjwa, mkwe wa mtu.

Mama yake aliishi mtaa wa Shively, si mbali na kanisa letu sisi Warundi na Wakongo, na alikuja kila mechi ya nyumbani. Kiti chake kilikuwa nyuma ya wavu, safu ya pili. Kisukari kilikuwa kimemla macho, alichoona ni mwanga na vivuli. Alikuja kusikiliza. "Glavu ya mwanangu inasema pa," aliniambia. "Za wengine zinasema pu." Nilidhani ni maneno ya mama. Siku moja nilikaa naye, wadakaji wakawa wanapokezana katika mazoezi, na kila mara alinitajia ni nani bila kukosea hata mara moja. Kwa wiki alikwenda mara tatu kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo safari ndefu zilikuwa zimemshinda. Ndiyo maana mdakaji alitaka kitu kimoja tu katika dunia ya besiboli. Alitaka kumalizia Louisville, mama yake akiwa safu ya pili. Mkubwa mmoja wa klabu alikuwa amempa mkono majira ya kuchipua na kumwambia, "Utamalizia hapa." Aliponisimulia alikuwa na miguu ndani ya ndoo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka bila sababu.

Jambo moja la kwetu lilimwingia moyoni. Tulimwalika chakula Shively baada ya ibada, yeye na mama yake. Walipoaga, mimi na shemeji yangu, Mkongo wa Uvira aliyemwoa dada yangu, tukatoka nao. Mama tulimwingiza kwenye gari. Mdakaji akasimama kutuaga, sisi tukaendelea kutembea, naye kwa adabu akatufuata, tukalipita gari.

"Nimefanya nini?" akauliza. "Nimebeba kijiko chenu?"

Nikamweleza kwamba mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa. Unampeleka kipande cha njia, naye akiwa mtu wa heshima anakurudisha kidogo, unampeleka tena. Akasimama katikati ya barabara ile ya magari akafikiri. Halafu akatusindikiza mpaka mlangoni kwetu, tukamrudisha kwenye gari, akataka kutusindikiza tena, mama yake akapiga honi. Tangu siku hiyo, kila mechi ya mchana ikiisha alinisindikiza mpaka kituo cha basi, barafu imefungwa magotini, maji yakimchuruzika viatuni. Mchezaji na mfuaji. Watu walitushangaa na yeye hakujali.

Sasa rudi kwenye asubuhi ile.

Nilizima mashine. Nilikwenda nyumbani, nikavaa tai, nikachukua diploma yangu, iliyokuwa na mwezi mmoja tu, nikaitia katika bahasha na kwenda ofisi za klabu. Nilitaka anisikilize mtu anayejua kusoma. Nilimpata kijana mwenye uso laini nyuma ya kompyuta.

"Mmemwondoa mdakaji," nikasema. "Mlimwahidi atamalizia hapa."

"Uamuzi umetoka juu, bwana. Kwa mchezaji wa umri wake tumepata thamani nzuri."

"Mmempata nani?"

"Mchezaji atakayetajwa baadaye."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Kumbe katika mchezo wao ni jambo la kawaida kabisa, limo katika taratibu zao: unatoa mtu leo, wenzako wanakuahidi mtu, na jina lake watalileta baada ya miezi.

"Kwetu," nikamwambia, "hata ng'ombe wa mahari anatajwa rangi na pembe kabla binti hajatoka nyumbani. Ninyi mmetoa mtu wa miaka kumi na moja, mmepokea sentensi."

"Wewe uko kitengo gani?"

"Kufua."

Akatabasamu. Nikatoa diploma, nikaiweka mezani kwake. Aliisoma yote, mpaka muhuri.

"Hongera," akasema. "Lakini haya ni mambo ya besiboli."

Hasira niliyotoka nayo pale haijaisha. Nimevuka nayo bahari. Wanaoniambia kwamba mchezaji analipwa, kwamba alijua alichosaini, wanaongea na ukuta. Mkono ulipeanwa. Mtu aliambiwa utamalizia hapa, akamwambia mama yake, mama akakaa safu ya pili akihesabu mechi zilizobaki kwa vidole. Kama ahadi ya mkono haina uzito, basi wasipeane mikono, wapeane makaratasi tu, na sisi tusiwapigie makofi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo Mmarekani asingelifanya. Kambini, jina lako likibandikwa ubaoni kwamba unaondoka, una wiki nyingi. Kuna mahojiano, kuna kupimwa damu, kuna watu kuja kukuaga mpaka uwachoke. Hatukujua kuhama kwa namna nyingine. Tuliona kwamba mtu aliyekaa mahali miaka kumi na moja hawezi kupewa chini ya juma moja. Kwa hiyo tukajipanga. Jumamosi yake, siku moja baada ya kuondolewa, wanawake wa kanisa walipika mbuzi, kisamvu tunachokiita sombe, dagaa tunaowaita ndagala, ugali, tukajipakia watu tisa katika magari mawili, wanakwaya wanne wakiwa na sare, tukaenda Shively kumuaga.

Mama alifungua mlango akatugeuzia sikio.

"Hayupo, wanangu. Aliondoka jana. Jana hiyohiyo amecheza kule."

Tukasimama na sufuria mikononi.

"Nani alimsindikiza, Mama?" nikamuuliza.

"Mimi. Mpaka kibarazani. Ngazi sizioni."

Kwaya iliimba wimbo mmoja palepale kibarazani, kwa sababu ilikuwa imekuja kuimba. Mama alikula vijiko viwili vya sombe akauliza ni jani gani. Chakula kingine tulimwachia kwenye jokofu lake, na mle ndani niliona vikasha sita vya nyama alivyompikia mwanawe kwa wiki yote, kila kimoja kimeandikwa siku kwa herufi kubwa zilizopinda.

Garini shemeji yangu, mpakiaji wa mizigo katika ghala, ndiye aliyeanza.

"Bon, shemeji, unakasirika juu ya nini? Ule muzee magoti yake ilishaisha. Huku ni business, donc."

"Usiniambie business. Mimi ndiye niliyeisomea."

"Basi ilikufundisha nini? Mu depo yetu, mutu akishindwa kubeba, banamutoa. Nani aliimbiaka yeye?"

"Na wewe siku mgongo ukikushinda?"

"Mimi? Mimi nitakuwa nilishanunua yangu depo," akasema, akacheka peke yake mpaka tulipofika kwake. Hatukusemeshana wiki nzima. Ile suruali niliitoa namba kama nilivyoagizwa. Namba nikaitia mfukoni mwangu, na mwezi haukwisha nikaacha kazi.

Kabla sijaacha, tulimfuata mdakaji Columbus, Jumamosi iliyofuata, shemeji akiendesha kwa kununa kwa sababu gari lilikuwa lake. Alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Linden, kodi ya chini, chumba chenye kiti kimoja. Begi lake lilikuwa limesimama mlangoni, halijafunguliwa. Nguo alizovaa alizichomoa juujuu. Alitupa maji katika kikombe kimoja, tukapokezana.

"Wana kijana hapa, miaka ishirini na miwili," akatuambia. "Mikono mizuri. Miguu bado. Namfundisha kukaa."

"Unamfundisha anayekunyang'anya nafasi?"

"Nimwache adake vibaya?"

"Walikupa mkono, Mzee."

"Funga mlango kwanza," akasema, na tukacheka, ila mimi nilicheka kwa meno tu. Nilitaka apige meza. Nilikuwa nimeendesha moyo wangu kutoka Louisville ukiwa umejaa matusi ya kumsaidia, nikamkuta hayahitaji. Nakiri kwamba siku ile nilimkasirikia hata yeye. Mtu mmoja akisamehe peke yake, sisi wengine tunaobaki na hasira tunaonekana wendawazimu. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka kona, akichechemea, tukimrudisha naye akitusindikiza tena, mara mbili.

Mwisho wa mwaka Columbus nao wakamwacha. Mimi nilikuwa nimehamia Cheektowaga, karibu na Buffalo. Sikumfuata mtu, nilifuata cheo: msimamizi wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, watu kumi na wanne chini yangu, nyumba ya vyumba vitatu. Masika yaliyofuata Buffalo wakamchukua, kwa sababu mdakaji wao alivunjika mkono. Alicheza mara moja au mbili kwa wiki. Septemba alinipigia simu.

"Jumapili ni ya mwisho, Profesa. Wameniambia nitaanza."

Mama hakuweza kuja. Ni mwendo wa siku nzima kwa gari na mashine ya damu haimngoji mtu. Nikampigia shemeji Louisville nikamwomba kitu. Akakubali, "Bon." Jumapili ile, akitoka ibadani na suti yake, alikwenda kwa mama, akaketi naye, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Mimi Buffalo nilikuwa nimekaa nyuma ya wavu, safu ya pili, simu nimeinyoosha kama mtu anayeomba.

Pa.

"Huyo ni yeye," mama akasema.

Raundi ya pili, ya tatu. Pa. Mama alikuwa akimsema mwanawe kama kawaida yake, kwamba amechelewa, kwamba goti la kushoto linamuuma leo, anadaka kwa kujivuta. Ilikuwa kweli. Kutoka kule mbali aliliona goti nisiloliona mimi niliyekuwa karibu. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikabadilisha, sikuishusha simu. Mchezo una raundi tisa. Zilipofika saba nilianza kuamini.

Katika ya nane kocha alitoka na kumwashiria kijana, mdakaji wa akiba. Mdakaji alitazama kibanda chao, akauliza kitu kwa mkono. Kocha akatikisa kichwa. Walikuwa wameshashindwa mechi ile, haikuwa na faida yoyote kwao, lakini kulikuwa na kijana wa kumpima. Alivua chuma chake usoni akatoka. Watu wachache walipiga makofi huku wakitafuta funguo za magari.

Nilifikiri nimdanganye mama. Nilikuwa bado natafuta maneno, mpira ukarushwa.

Pu.



"Huyo siye," mama akasema. "Wamemtoa?"

"Wamemtoa, Mama."

Nilisikia kiti kikisukumwa kule Shively, na sauti ya shemeji yangu, mtu wa kusema biashara ni biashara, ikipanda. "Hapana. Raundi mbili tu zilibakia, shemeji. Raundi mbili. Mwambie ule kocha, iyi sasa si business. Mwambie." Alikuwa akisema Kiswahili chake na mama hakuelewa neno, lakini alimshika mkono, alinisimulia baadaye shemeji, akamkalisha.

Nilimngoja kwenye geti la nyuma, simu bado hewani. Alitoka peke yake na begi, suruali imejaa udongo mwekundu magotini. Hakuna aliyemsindikiza. Mlinzi alimfungulia geti huku akitazama simu yake.

"Yule aliyetajwa baadaye," nikamuuliza, maana mwaka mzima lilikuwa limenikaba, "walimtaja?"

"Walimtaja. Mrushaji, kijana. Bega lilikatika kabla hajafika. Nilimpigia simu nikampa pole."

"Kwa hiyo hawakupata kitu."

"Walipata kabati langu."

Nikamnyang'anya begi. Alivuta kidogo, akaliachia.

"Nani yuko naye?" mama akauliza kwenye simu.

"Mimi, Mama. Natembea naye."

"Usimwache getini."

"Simwachi."

Gari lake lilikuwa karibu mno, hatua kama ishirini. Aliliona, akanitazama, akiwa na magoti yale, na udongo ule ambao nilijua usiku ule angeufua mwenyewe, autie brashi kwanza.

Tulilipita.